Kikulacho Sahani Ki Nguoni Mwake

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, na mara nyingi nimeitia katika mashairi yangu nikidhani nimeielewa. Lakini maana yake kamili nimeipata mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na kitu, katika mji mdogo wa Hulugho, kaunti ya Garissa, mbele ya sanduku la bati lililojaa sahani za santuri. Na ndugu wasomaji, sitawaficha: aliyezivisha sahani hizo nguo iliyozila ni mimi.

Msomaji asiyefika huko ataniuliza, santuri na Hulugho wapi na wapi? Hulugho u karibu na mpaka wa Somalia, na msitu wa Boni hauko mbali. Ni nchi ya wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Ukitazama ramani utaona Lamu ni jirani, lakini kwa barabara mimi wa Pwani nililazimika kuzunguka mpaka Garissa mjini, nikateremka Masalani, kisha Ijara, ndipo nikafika. Nashukuru kilikuwa kiangazi, kwani mvua inyeshapo, ule udongo mweusi wa Ijara haujui lori wala gari la mkubwa. Wote huwashika miguu.

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kisomali aliyevuka miaka sabini na mitano. Mimi humwita Adeer, yaani ami, kama vijana wa huko wanavyomwita. Ujanani alikuwa utingo, kisha dereva wa malori kati ya Mombasa na Garissa. Kila alipolipwa alipita kwenye maduka ya santuri ya Mombasa, likiwamo la Assanand, wale waliotoa sahani zenye lebo ya Mzuri. Wenzake wakinunua saa na viatu, yeye alinunua taarabu ya Mombasa na Lamu, nyimbo za filamu za Kihindi, nyimbo za dansi, na za Kisomali alizoletewa na marafiki kutoka ng'ambo ya mpaka. Alipoacha kuendesha lori na kurudi kwao kufungua duka la unga na sukari, alirudi na sahani 211.

Zama hizo safari ya Kaskazini Mashariki haikuwa mchezo. Sheria za hali ya hatari zilidumu katika sehemu hizo mpaka mwaka 1991, na msafiri alipekuliwa kila kizuizi. Adeer hucheka akikumbuka askari waliofungua masanduku yake wakitafuta bunduki, wakakuta udi na marwasi. Sahani hizo zimestahimili vizuizi, vumbi, mashimo ya barabarani na njaa za miaka mingi. Kilichokuja kuzishinda ni mfuko wa plastiki.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2014 Adeer alikuja Mombasa kutazamwa macho, akanieleza kwamba mifuko ya karatasi ya sahani zake imekuwa ya rangi ya kahawia, na kila aigusapo inavunjika kama mkate mkavu. Nikaona hapa ndipo pa kulipa wema aliowahi kunitendea. Nikaingia mjini, nikanunua mifuko 200 ya plastiki laini, inayong'aa kama kioo, tena minene. Nilipomkabidhi alinishika mkono muda mrefu. Aliporudi Hulugho alizivua sahani nguo zile kuukuu za karatasi, akazivisha mpya, moja baada ya moja, akafunga sanduku na kuliweka juu ya kabati, chini ya paa la mabati.

Kiangazi kilichopita nilimtembelea. Baada ya chai ya maziwa ya ngamia alisema, "Leo nataka kukusikiza sauti ya mdogo wangu." Mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu, alipiga ngoma katika kikundi kimoja cha vijana mjini Mombasa, na kikundi hicho kilitoa sahani moja tu, ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika. Katika maisha yangu yote ya kuandika habari za muziki wa Pwani sijapata kuiona sahani nyingine kama hiyo. Tulipofungua sanduku, harufu ilitupokea, harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni. Mfuko ulikuwa umenata juu ya sahani. Adeer alipouvuta, sahani ikatoka na ukungu mweupe, wenye mikunjo ileile ya mfuko, kama mtu aliyelalia mkeka akaamka na alama shavuni. Akaiweka juu ya kinanda, akashusha sindano. Tulisikia kelele za mafuta ya moto kikaangoni, na nyuma ya kelele hizo, mbali sana, watu wakiimba. Ngoma sikuisikia.

Adeer hakusema neno. Aliinua sindano, akaitoa sahani, akaipangusa kwa shuka lake, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nimeitunza vibaya?" Nami nilijua jibu, kwa kuwa mifuko ile niliitambua mara moja. La, Adeer, hukuitunza vibaya. Uliitunza kwa kitu kibaya, na kitu hicho nilikuletea mimi.

Niliporudi Mombasa nilisoma na kuwauliza wanaojua kazi ya kuhifadhi. Niliyojifunza nayaweka hapa, kwani sina shaka katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Unguja, Mwanza na Kampala yamo masanduku kama hilo, na wenyewe wamelala usingizi wa raha kama tulivyolala sisi.

Plastiki ile laini ni ya jamii ya PVC. Kwa asili PVC ni ngumu. Ili iwe laini na ya kukunjika, watengenezaji huichanganya na dawa ya mafuta ya kuilainisha. Dawa hiyo haikufungamana na plastiki kwa kamba ya milele. Miaka ikipita hutoka polepole, na joto likizidi hutoka upesi zaidi. Sasa zingatia: sahani nyingi za santuri za tangu miaka ya 1950 zenyewe ni za jamii hiyohiyo, ila ngumu. Mfuko na sahani ni ndugu, na mafuta yanayotoka kwa ndugu mmoja humwingia mwenziwe. Yakikaa juu ya mifereji ile myembamba inayobeba sauti, hufanya ukungu, na sindano ikipita husikika mchakato usiokwisha. Mara nyingine ukungu huondoka kwa kuoshwa. Mara nyingi umekwisha kula, wala hautoki.

Karatasi nayo si malaika. Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa mbao zenye utomvu na asidi. Ikizeeka hugeuka kahawia, hukatika, na unga wake huingia katika mifereji ya sahani ukaikwaruza. Jalada la kadibodi huvuta unyevu, na mchwa hulipenda kama sisi tunavyopenda halua. Ile plastiki nyembamba iliyobana jalada la sahani mpya, ambayo watu huiacha ili sahani ionekane haijaguswa, huendelea kubana miaka na miaka mpaka sahani ikapinda. Na sponji wanazozitia katika masanduku ya CD nyingi huoza, zikawa kama ugali uliochacha, zikagandamana na CD.

Ziko pia zile sahani nzito za mizunguko 78, za wakati wa babu zetu. Hizo ni za utomvu wa mdudu wa Bara Hindi uitwao laki, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndizo alizorekodia Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Huvunjika kama kigae, na anayezisafisha kwa spiriti huziyeyusha, kwa sababu spiriti ndiyo huyeyusha utomvu huo. Nimeona watu wenye nia safi wakifanya hivyo.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya watu wa Hulugho wasiojua. Wazungu wenyewe, wenye viwanda na mahabara, yamewafika. Kiwanda cha PDO cha mji wa Blackburn, Uingereza, kilitengeneza CD kati ya mwaka 1988 na 1993 ambazo baadaye nyingi ziligeuka rangi ya shaba, zikaacha kulia. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba rangi ya kinga iliyopakwa juu ya CD hizo haikuweza kuhimili salfa iliyomo katika karatasi za vijitabu vilivyofungwa pamoja nazo. Yaani kijitabu kilichoandikwa jina la mwimbaji na sifa zake ndicho kilichomnyamazisha. Kampuni ilikubali kosa, ikawabadilishia watu CD zao. Mwenye sahani ya mdogo wake Adeer, nani atambadilishia?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kwa nchi zenye maktaba za sauti, sahani ikiharibika ni hasara ya mtu mmoja. Kwetu sisi, mara nyingi sahani iliyomo uvunguni mwa kitanda cha mzee fulani ndiyo maktaba yenyewe.

Jirani zetu wa Somalia wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoupiga mabomu mji wa Hargeysa, watu wa redio walizitorosha kanda za nyimbo, na nyingine wakazifukia ardhini. Leo kituo cha utamaduni cha mji huo, chini ya Redsea Cultural Foundation, kinahifadhi zaidi ya kanda 10,000. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kisomali za zamani kwa jina Sweet as Broken Dates, na mkusanyiko huo ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Watu waliokuwa wakikimbia mabomu walipata nafasi ya kufikiri wimbo utawekwa wapi. Sisi tuliokaa kwa amani tumeshindwa kufikiri mfuko.

Nilipokuwa Hulugho niliona jambo lililonitahayarisha zaidi. Asubuhi, mke wa Adeer alikuwa akitengeneza chombo chao cha maziwa, waitacho dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Alitia ndani vijiti vyenye moto, akakifukiza mpaka kikanukia, akakipangusa, ndipo akamimina maziwa. Nilipomuuliza alinijibu kwamba maziwa hufuata tabia ya chombo. Chombo kikiwa kibaya, hata ngamia awe mzuri namna gani, maziwa yatachacha. Nikajisemea, elimu tuliyokosa mimi na Adeer juu ya sahani ilikuwamo humohumo ndani ya nyumba, jikoni.

Hata chuoni nilifundishwa nikasahau. Mwalimu wetu alikuwa na msahafu wa zamani, nao aliufunga kwa kitambaa cha pamba. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, aliufungua, akaukung'uta, akatazama jalada, akakifua kile kitambaa na kukianika. Sisi watoto tulidhani ni adabu tu. Kumbe ilikuwa adabu na ukaguzi. Kinachokinga nacho kinahitaji kukaguliwa, kwa sababu nacho huzeeka, na kikizeeka hugeuka.

Basi mwenye sahani afanye nini? Nitasema machache, yanayowezekana hata mahali penye jua kama la Hulugho.

Kwanza, leo hii fungua sanduku. Mfuko wowote wa plastiki laini, unaonata kidoleni na kunuka kama pazia la bafuni, utoe. Usingoje mifuko mipya ndipo uutoe. Sahani ikikaa katika karatasi nyeupe safi kwa muda, ni salama zaidi. Wanaohifadhi hutumia karatasi isiyo na asidi, au polithini ya kazi hiyo, ambayo haina mafuta ya kulainisha. Utaijua kwa kuwa ina ukungu kidogo na hailambi sahani. Jalada lenye picha usilitupe, kwani lina majina na habari. Liweke kando ya sahani, si lazima likae limeikumbatia.

Pili, sahani zisimame wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, wala zisiinamiane. Sanduku la bati chini ya paa la mabati ni tanuri. Literemshe chini, karibu na ukuta wa ndani usiopigwa na jua, ukaliinue kwa vipande vya mbao ili mchwa wasilifikie. Maktaba kubwa huweka baridi ya digrii 18 hadi 20. Sisi hatuna hiyo, lakini kivuli tunacho.

Tatu, sahani yenye ukungu ioshwe kwa maji safi yaliyotoneshwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Lebo isiguswe na maji. Ile ya mizunguko 78 isikaribiwe na spiriti.

Nne, sauti inakiliwe mapema, angali ipo. Lakini anayenakili asimwambie mzee kwamba sasa sahani ni takataka. Nakala hupotea upesi kuliko asili; simu ikiibwa imekwenda nayo. Wala kunakili kwa kuhifadhi si ruhusa ya kuuza: haki ya mtunzi ni ya mtunzi, na ya warithi wake.

Hayo ni ya nyumbani. Yako pia ya wakubwa, nao nawaambia bila kuzunguka. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaitambua tamaduni kuwa msingi wa taifa, na shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho zimepewa kaunti. Ikiwa ni msingi, mbona hauna hata bahasha? Siombi jengo la ghorofa. Naomba kila kaunti inunue karatasi isiyo na asidi kwa jumla, maana mzee mmoja hawezi kuagiza mifuko yake kutoka ng'ambo, na iwape wenye masanduku bure au kwa bei ya chini. Naomba watumishi wawili wenye kinanda kizuri na chombo cha kunakilia, wapite mji kwa mji, wanakili sahani palepale mbele ya mwenyewe, waandike majina ya waimbaji na wapigaji anayoyakumbuka, kisha wamwachie mali yake.

Wako watakaosema Hulugho ni mbali. Garissa ndiko ilikoanzia, mwaka 1996, maktaba ya ngamia ya shirika la taifa la maktaba, ikipeleka vitabu kwa watoto wa wafugaji katika masanduku yaliyobebwa mgongoni mwa ngamia. Ikiwa kitabu kiliweza kumfuata mtoto nyikani kwa miguu ya ngamia, mfuko wa karatasi utashindwaje kufika Hulugho kwa lori?

Na wako watakaosema, kwa haki, kwamba huko kuna ukame, barabara mbovu na wasiwasi wa mpakani, nami naleta habari za sahani. Swali hilo nilimpelekea Adeer mwenyewe, kwani ukame umemla ng'ombe wake, si wangu. Akafikiri, akasema, "Ng'ombe nimezika wengi, na wengine wamezaliwa. Mdogo wangu alikuwa mmoja." Sikuwa na la kuongeza.

Siku mbili kabla ya kuondoka tulikaa barazani na beseni la maji ya betri, tukavua mifuko yote. Sahani 11 hazikupata mfuko wangu, kwa kuwa nilinunua 200 tu, na hizo 11, ndani ya karatasi zake mbovu za kahawia, zililia vizuri kuliko zote. Katika zile 200 nilizozivisha, 63 zimeharibika kabisa. Nyingine zinasikika, kwa viwango mbalimbali. Sahani ya ndugu yake tuliiosha mara nne. Upande wa kwanza umekwisha. Upande wa pili, karibu na mwisho, pale mwimbaji anaponyamaza ili vyombo vijibizane, ngoma ilisikika, muda wa pumzi kumi hivi. Adeer aliirudisha sindano mara tatu, kisha akaniambia nizime, asije akaimaliza.

Tuliinakili sehemu hiyo, tukaifunga sahani kwa karatasi safi, na juu yake Adeer akaandika kwa mkono wake jina la mpigaji na mwaka. Nimemtumia karatasi nyingine tangu hapo, za aina inayofaa. Safari hii niliuliza kwanza. Nia njema nilikuwa nayo tangu mwaka 2014, lakini nia njema haikuizuia plastiki kutoa mafuta yake. Nawe, msomaji, kabla hujamaliza kulisoma gazeti hili na kulifungia vitumbua, inuka ukatazame sahani zako zimevaa nini.